Mama Plasta Haumwi

Kwanza ieleweke kwamba sikutaka kuandika. Kanisani wamejaa waliosoma mpaka miwani imewaota puani, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi. Huyu ana semina, yule ana mgongo. Wakaniambia, bibi, wewe ndiye unayeikumbuka vizuri, tuandikie habari ya Mama Plasta isomwe na wageni. Mimi, niliyejifunza kusoma kwa kidole kwenye kitabu cha nyimbo, na mpaka leo herufi kubwa naiweka pale inaponipendeza. Haya. Mkiona nimekosea mahali, piteni kwa adabu. Na msinitafute humu ndani, mimi simo. Habari ni ya Mama Plasta.

Mama Plasta hakuzaa. Jina la mama alipewa na watoto wa watu, aliowafunga mikono na miguu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Pale hospitali, ukipita stoo ya vitanda vibovu, mwisho kabisa wa ujia, kuna chumba chenye sinki, meza ndefu, ndoo, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu ili wapita njia wasichungulie. Hicho ndicho chumba cha plasta. Mtu akivunjika, daktari hutazama picha, huvuta mfupa ukae mahali pake, kisha husema, "Mpelekeni kwa mama." Na mama huzungusha pamba kwanza, taratibu, kama anayemvisha mtoto mchanga. Kisha huizamisha bendeji ya plasta ndani ya ndoo, husubiri mapovu yaishe, hukamua kidogo, huzungusha, halafu huipapasa mpaka inakuwa laini kama yai. Huipapasa kwa kiganja. Kila kijana aliyeletwa kujifunza kwake alisikia neno lile lile mpaka likamtoka masikioni: "Kiganja, si kidole. Kidole kinaacha shimo, na shimo linazaa kidonda."

Alistaafu, wakamwita arudi kwa muda, na muda huo bado haujaisha.

Alikuwa na kiburi, sifichi. Kiburi safi, kilichopigwa pasi. Hajawahi kuazima kiberiti. Chumvi ikimwishia usiku, alilala na chakula kisicho na chumvi, asubuhi akanunua mwenyewe. Alikuwa mjane, akikaa vyumba viwili nyuma ya maduka, na ndugu aliyekuwa karibu naye kwa makazi ni mmoja tu, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa ng'ambo ya soko. Karibu kwa makazi nimesema, si kwa mengine. Siku matanga yalipoanuliwa, wifi huyo alikuja na vijana wawili akalibeba kabati la marehemu, lile lenye kioo mlangoni, akisema ni mali ya baba yake. Mama Plasta hakusema neno. Na tangu siku hiyo hakusema naye neno. Wakikutana sokoni, mmoja alinunua vitunguu huku akitazama nyanya.

Basi. Akapita pale hospitali daktari mmoja wa mifupa, mwanamke, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Huyo alikuwa na wenzake, madaktari na wauguzi Wakristo, ambao kila mwaka huacha kazi zao na kwenda kujitolea katika nchi za watu. Safari hiyo walikuwa wanakwenda mahali ambapo vita vimekwisha lakini hospitali imebaki kuta. Huko wamezaliwa watoto wengi wenye nyayo zilizopinda ndani, nyayo zinatazamana kama watu wanaotetana. Mguu wa namna hiyo ukiuwahi mtoto akiwa mchanga hauhitaji kisu. Unaufunga plasta, wiki ijayo unaifungua, unaunyoosha kidogo, unaufunga tena. Hauvunjwi, unabembelezwa. Lakini unataka mkono unaojua.

Daktari yule alimtazama Mama Plasta akimfunga mtoto mmoja mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, wapasuaji ninao wa kumwaga. Mikono kama hii sina. Twende, wiki sita."

Mama Plasta aliigeuza ndoo akaikalia. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia twende popote.

"Nitalipwa na nani?" akauliza, ili apate la kusema.

"Hakuna anayelipwa. Kila mmoja anatumwa na watu wa kwao. Wanampa nauli, wanampa posho, wanamwombea. Ndiyo sheria yetu, mama, hatumchukui mtu asiyetumwa. Asiye na wa kumtuma hana wa kumrudisha."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kwenda alitaka, jamani, alitaka mpaka usingizi ukampotea. Lakini kutumwa maana yake ni kuomba, na kuomba hakukuwamo katika mwili wake. Akaingia katika mfungo. Alifunga na kuomba hadi gauni likaanza kuning'inia begani kama limetundikwa msumarini. Alipomaliza, mashavu yamebonyea, akaenda kumwona mchungaji.

Alimkuta ofisini anakunja nyaya za vipaza sauti.

"Baba Mchungaji, nimepata safari. Nakwenda hospitali, nje ya nchi. Wiki sita. Peke yangu sitaweza, naomba kanisa linishike mkono."

Mchungaji akaacha waya. Akamtazama mashavu, akatazama gauni. "Umejua lini, mama?"

"Mwezi uliopita. Daktari aliniambia mwenyewe."

"Na muda wote huo umenyamaza."

"Nilikuwa naomba."

"Pole sana, mama."

"Asante, baba," akajibu, akidhani anapewa pole ya safari.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Yeye hakuelewa, wala mchungaji, na msiwacheke. Katika mji ule hakuna aliyewahi kuona mtu anakwenda hospitali ya ng'ambo akiwa mzima. Ng'ambo hupelekwa figo, moyo na kansa. Kila mchango uliowahi kupitishwa pale kanisani kwa ajili ya hospitali ya nje ulikuwa wa mtu anayekata roho, na nusu yao walirudi ndani ya sanduku. Na kuna adabu nyingine ya pale: ugonjwa wa mwenzako hauulizwi jina. Akitaka atasema. Asiposema, unampa mkono, unatazama chini.

Jumapili mchungaji akamwinua. "Mama yetu anasafiri, mambo ya hospitali, nje. Hakutaka kutusumbua, mnamjua. Tumshike mkono mama huyu, aliyewashika wengi."

Wakamwambia aseme neno. Kwa kuwa kule kwenyewe kulikuwa bado na watu wenye bunduki vichakani, naye si mtu wa kudanganya, alisema hivi: "Niombeeni. Nikirudi, tutamshukuru Mungu. Nisiporudi, bado ni Mungu." Akaketi.

Kanisa zima likalia. Waliokuwa nyuma, ambao hawakusikia, walilia kwa sababu walio mbele wanalia.

Basi misaada ikaanza kuja, na mshangao wake ulianzia hapo. Alikuwapo muuza nyama mmoja pale, mshirika wa kanisa, anaitwa Dole. Jina hilo alipewa kwa sababu dole gumba lake hukaa kwenye mizani pamoja na nyama, nawe unalipia vyote viwili. Dole alikuja mlangoni na bahasha, na juu ya bahasha furushi la nyama laini isiyo na mfupa hata wa kusingizia.

"Kula, mama," akasema, hatazami juu. "Kula chochote roho inachotamani. Ikiisha, tuma mtu."

Mama Plasta alisimama na lile furushi mkononi mpaka damu ikamchirizikia kwenye kandambili. Dole ametoa nyama bila mfupa. Dunia inakwisha au inaanza?

Akaja mwenyekiti wa wanawake, anasukuma kiti cha magurudumu. "Kilikuwa cha mama yangu, Mungu amrehemu. Nenda nacho."

"Kule watakipenda mno, mwenyekiti. Nitakirudisha."

"Usijisumbue kufikiria kukirudisha," mwenyekiti akasema, akageuka haraka, mabega yanamtikisika.

Ikaja blanketi, ikaja mito. Kwaya ilimtuma mtu kumwuliza ni nyimbo zipi anazozipenda sana, na akachagua za vigelegele, na yule mtu akaitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa siri nzito. Jirani waliyegombana naye kwa ajili ya kamba ya kuanikia alikuja akamwambia, "Kamba ni yako, mama, ilikuwa yako tangu mwanzo."

Wakati huo Mama Plasta alikuwa mtu aliyepigwa na butwaa. Alikuwa akizamisha bendeji kwenye ndoo, mapovu yanaisha, na yeye bado ameduwaa. Mimi hawa ninawajua kwa mifupa, akawaza. Sikujua kama wana moyo wa namna hii. Nao wananituma. Nimetumwa. Siku moja alilia ndani ya ile ndoo, kisha akamwaga maji akachota mengine, maana plasta haipendi chumvi.

Ndipo akaja wifi.

Ilikuwa jioni kabla ya kuwasha taa. Mama Plasta anapiga pasi sare zake nyeupe za safari. Akasikia magurudumu ya mkokoteni, akasikia hodi, na kabla hajaitambua sauti alikwisha kujibu "karibu." Neno likitoka halina mkia wa kulivutia. Wifi akaingia. Nyuma yake, mlangoni, limefungwa kamba juu ya mkokoteni, kabati.

"Sitakaa," wifi akasema, akakaa. "Nimeleta kabati."

"Naliona. Macho yangu sijaazima."

"Wifi, usianze."

"Mimi sijaanza. Ulianza wewe siku ulipolibeba na nguo zangu ndani."

"Nguo zako zimo vilevile. Sikuzivaa. Ulikuwa mnene mno, ningezikunja mara mbili." Wifi akamtazama vizuri, gauni linavyoning'inia, na sauti ikamkatika. "Ulikuwa."

Mama Plasta akaendelea kupiga pasi. Lakini mkono ulikuwa umepungua kasi, kwa maana hajawahi kumwona wifi yake akitokwa na chozi, hata msibani hakumwona.

"Nisamehe," wifi akasema. "Nimesema nije kabla hujaenda. Madaktari wamekupa muda gani?"

"Wiki sita."

Wifi akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Wiki sita. Na wewe unapiga pasi."

"Sasa nipige nini?"

"Sikiliza. Nimeongea na ukoo, nimewamaliza wote. Pale pembeni ya kaka pana nafasi. Nilijiwekea mimi, siku yangu ikifika. Nimekuachia."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kulala."

"Nilale wapi? Nina kitanda."

"Wifi, usinilazimishe kutamka."

Chumba kikaanza kunuka. Pasi ilikuwa imekaa juu ya ile sare nyeupe, imetulia, na moshi mwembamba unatoka pembeni, na wote wawili wanautazama kama jambo la nyumba nyingine. Mama Plasta ndiye aliyezinduka, akainua pasi. Alama ya kahawia ilikuwa imebaki kifuani pa sare, umbo kamili la pasi.

"Mimi," akasema polepole, "naumwa nini?"

"Sisi tutajuaje? Hatukuuliza. Wengine wanasema ini, wengine tumbo. Dole anasema ni damu, anasema aliona rangi ya midomo."

"Na kanisa?"

"Kanisa ndilo lililoniambia mimi."

Hapo kila kitu kikarudi kwa mpigo mmoja, kimevaa sura yake halisi. Nyama laini. Kile kiti. Nyimbo za kwaya, walikuwa wanaandaa mazishi, na yeye aliwachagulia za vigelegele. Kamba ya kuanikia. Alitafuta mahali pa kukaa, na pa karibu palikuwa kwenye kile kiti cha magurudumu, akakaa, kikarudi nyuma kikamgonga ukutani.

"Wifi," akasema, "mimi nakwenda kufunga plasta. Kuna watoto huko wamepinda nyayo. Siumwi hata ukucha. Nilikuwa nafunga."

Wifi aliachama. Mdomo ulifunguka ukabaki hivyo, hata nzi angeingia akaoga akatoka.

"Kwa hiyo hufi," akasema mwishowe, na sauti ile ilikuwa na furaha ya kweli, ila jicho moja lilikwenda mlangoni, kwenye kabati.

"Nitakufa siku yangu. Lichukue kabati lako."

"Nani amesema kabati?" Wifi akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Sikiliza akili ya mtu mzima. Nyamaza. Nenda, fanya kazi yako, rudi. Watasema umepona. Utakuwa muujiza, wifi yangu. Mchungaji atashukuru, muuza nyama atashukuru, kila mtu atakuwa ametoa kwa Mungu akaona jibu. Ukisema ukweli sasa, nani anafaidi?"

Na hapo nisiseme uongo, shauri lilikuwa tamu. Safari ilikuwa karibu. Nauli imetimia. Alikuwa na kila kitu mkononi, na kilichotakiwa ni kufunga mdomo tu, jambo ambalo maisha yake yote aliliweza kuliko wenzake.

"Wale wamemtuma maiti," Mama Plasta akasema. "Mimi nani amenituma?"

Wifi akaomba maji ya kunywa. Na usiku ule, kwa kuwa mwenye mkokoteni alikwisha kwenda zake, kabati lililala ndani.

Jumapili kanisa lilipambwa. Ilikuwa siku ya kumwekea mikono Mama Plasta. Mafuta yako kwenye kikombe, kwaya imevaa joho, imeimba vigelegele vyake kwa sauti ya huzuni mpaka wimbo ukachechemea. Nje, kwenye ngazi, alikuwa amepanga vitu vyote alivyopewa, kila kimoja kama kilivyokuja, bahasha juu ya meza, na kabati pembeni. Watu waliviona wakiingia, wakadhani ameanza kugawa urithi.

Mchungaji akamwita mbele. Mama Plasta akashika kipaza sauti kama anayeshika nyoka.

"Mimi siumwi," akasema.

"Amina," kanisa likaitika.

"Nasema sina ugonjwa."

"Pokea, mama," akasema mtu nyuma. Wengine wakaanza kupiga makofi. Mwenyekiti wa wanawake akainua mikono juu, machozi yanamtiririka. Walidhani anakiri kwa imani.

"Sikuwa na ugonjwa jana, wala mwaka jana."

"Amina, amina, hata wa jana Bwana ameufuta," na mpiga kinanda akaanza kubonyeza taratibu chini ya maneno yake, kama wanavyofanya mambo yakinoga.

Mama Plasta akamgeukia. "Wewe, acha kinanda." Akaacha. "Nileteeni ndoo."

Mwenyekiti alikimbia kama mshale, akarudi na beseni na taulo, akamshika mgongo. "Tapika tu, mama, usione haya."

"Nataka maji humo."

Wakaweka maji. Akafungua mkoba wake, akatoa pamba na bendeji za plasta. Akamwambia mchungaji akunje mkono wa shati. Mchungaji ni mtu mpole, na tena alikuwa hajui la kufanya, akakunja. Basi mbele ya kanisa zima, na mafuta yakisubiri kwenye kikombe, Mama Plasta alimfunga mchungaji plasta, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Pamba kwanza. Bendeji ndani ya maji, mapovu yakaisha, akakamua, akazungusha, akapapasa. Hakuna aliyekohoa.

"Inapata moto," mchungaji akasema kwa sauti ndogo.

"Amina," mtu mmoja akasema, lakini peke yake, na akaona haya.

"Plasta ikikauka hupata moto, ndivyo ilivyo," Mama Plasta akasema. "Hii ndiyo safari yangu. Kuna watoto wamezaliwa hivi." Akapinda viganja vyake viwili ndani, vikatazamana. "Nikiwafunga, na kuwafungua, na kuwafunga, wanakuwa hivi." Akavinyoosha. "Wiki sita. Nilikuja kuomba mnitume nikafanye hivyo. Ninyi mkampa mgonjwa. Mgonjwa hayupo. Vitu vya mgonjwa viko nje kwenye ngazi, kila mtu akachukue chake. Mimi nimemaliza."

Mchungaji alikuwa anautazama mkono wake kama umeletwa na mtu mwingine. Mwenyekiti alikuwa bado ameshika taulo.

Aliyesimama ni Dole. "Mimi niseme," akasema. "Mimi nilitoa kwa ajili ya damu. Nilikosa usingizi kwa ajili ya mama huyu. Kumbe anakwenda kutembea. Na hata kama ni watoto, watoto wa watu. Wa kwetu wamekwisha?" Akamnyooshea kidole, na lile dole gumba likiwa juu.

Watu wakaguna, na mguno ulikuwa upande wake.

"Wa kwetu wote nimewafunga," Mama Plasta akasema. "Na hilo dole unalonisimamishia, ulilivunja ulipobanwa na mlango wa bucha, ukaletwa kwangu unalia kama mbuzi. Nililinyoosha mimi. Ndilo unalotupunja nalo."

Sasa sikiliza. Kicheko kilianzia kwa wanakwaya, kikashikwa na safu za mbele, na Dole akalitazama dole lake, kisha akalificha mfukoni. Alitoka. Kwenye ngazi akachukua bahasha yake, watu waliiona ikienda. Na wengine wakamfuata, si wachache. Mama Plasta alibaki ndani, uso kwa ukuta, anakunja kipande cha bendeji kilichobaki. Hakutaka kujua nani anachukua nini. Kiburi chake kilikuwa na heshima zake.

Alipotoka, kiti cha magurudumu kilikuwapo. Blanketi lilikuwapo, mito ilikwenda. Bahasha zilikuwa zimebaki kiasi, pamoja na nyingine ambazo hazikuwapo mwanzo, zimekunjwa kwa karatasi za nyimbo. Mtunza hazina akazikusanya, akapiga hesabu kwa midomo, akatikisa kichwa. Hazikufika.

"Basi," Mama Plasta akasema. Akaanza kushuka ngazi.

Wifi alikuwa amesimama chini, na karibu yake mwenyekiti wa wanawake, na walikuwa wanazozana kwa sauti ya chini.

"Kioo kina ufa," mwenyekiti akasema.

"Ufa uko pembeni. Ukisimama katikati hauuoni. Na wewe unasimama katikati siku zote."

"Na mlango unalia."

"Ulilia kaka yangu alipokufa, haujanyamaza. Utalichukua au nimwite mwingine?"

Ikawa hivyo. Lile kabati walilonuniana kwa ajili yake miaka yote likauzwa pale kwenye ngazi za kanisa, kabla watu hawajafika nyumbani. Wifi akaiweka bahasha mkononi mwa mtunza hazina. Mtunza hazina akahesabu tena, na safari hii akaitikia kwa kichwa: zimefika.

Mama Plasta akamsogelea wifi. "Lilikuwa la baba yako," akasema.

"Nilimrudishia mgonjwa. Mgonjwa hayupo, na wewe huna pa kuliweka." Wifi akafunga kanga yake vizuri. "Ila nguo zako nimezitoa. Na ile nafasi pembeni ya kaka nimeichukua tena, usije ukaizoea."

Jioni ile daktari mwenye sauti kubwa akapiga simu. "Mama, umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na wifi yangu," akasema, kisha baada ya kufikiri akaongeza, "na baadhi ya kanisa."

Siku ya kuondoka, kile kiti kilibeba maboksi ya plasta, yamefungwa kwa ile ile kamba ya kuanikia, na wifi ndiye aliyekisukuma. Mchungaji alikuja kumpungia, mkono umekwisha kufunguliwa plasta, lakini akiupapasa kila mara kama aliyepoteza saa. Dole alikuja mwisho. Akatoa bahasha yake ile ile, imechakaa kwa kuingia na kutoka mfukoni, na furushi.

"Ulipokuwa mgonjwa nilikupa laini," akasema. "Mzima atafune mfupa."

Mama Plasta alipokea kwa mikono miwili, akaupima uzito. "Leo dole halimo," akasema.

Huko alikokwenda alifanya kazi, na hayo sikuombwa kuyasimulia. Alirudi. Alirudi mnene kidogo, akiwa na picha ya mtoto mmoja amesimama juu ya meza, nyayo zimelala chini bapa, na mama yake amemshika kwapani hataki kuamini. Mama Plasta akiitazama picha hiyo haiweki chini mpaka umsukume. Hapa kanisani wapo ambao mpaka leo wanamwona kama mtu aliyewadhulumu msiba. Wanamsalimia kwa pembe ya jicho. Yeye anawasalimia kwa jina na kuuliza habari za mifupa yao.

Sasa ni zamu yako, kwa maana habari yangu hukuilipia. Mama Plasta anakwenda tena, na kiti kiko ukutani kitupu. Mtoto mchanga, kabla hata ya pamba, mguu wake huvishwa soksi, na soksi kule hakuna. Fungua droo yako. Toa zile za pamba, laini, za watoto waliokwisha kukua, zisizo na matundu, zifue, uzilete kanisani siku ya kazi. Jumapili usilete, kuna kelele. Mimi ndiye ninayezipokea, na nitazikagua moja moja, kwa kiganja, si kidole. Na ukija usinishike paji la uso, usiniletee supu, usiniulize kama nimelala vizuri. Mimi siumwi.